Mwenye timu ajenge kwa pesa yake

Kuna mwandishi mmoja anayesema jiji likichangia ujenzi wa uwanja wa timu ya kulipwa, pesa itarudi kupitia ajira. Sikubaliani naye hata kidogo. Kingdome, uwanja wa michezo wa Seattle, Marekani, ulilipuliwa kwa baruti mwaka 2000, na walipa kodi wakaendelea kulipa deni lake hadi 2015. Miaka 15 watu wanalipia kifusi! Lakini Chase Center, ukumbi wa mpira wa kikapu wa San Francisco uliofunguliwa 2019, ulijengwa kwa pesa binafsi, tena tramu inasimama karibu na mlango. Uwanja uwe penye usafiri wa umma. Ukiupeleka nje ya mji, siku isiyo na mechi utakuta mistari myeupe ya maegesho matupu na mlinzi mmoja kibandani.