Tembo Mwenye Manyoya

Rafiki yangu ameshawasimulia wengi wenu kwamba juzi, shambani kwa mjomba, nililia mbele za watu. Naomba ieleweke kwamba lile lilikuwa jasho.

Ninyi mnaonifuatilia mnajua ninavyoiota rupia 15 ya dhahabu, ile ambayo Wajerumani waliigonga katika karakana ya reli hapa Tabora mwaka 1916, vita vilipowakatia njia ya kuleta sarafu kutoka kwao, yenye tembo aliyeinua mkonga na Mlima Kilimanjaro nyuma yake. Basi detekta ya kukodi, kile kifaa cha kutafutia chuma ardhini, ilipolia chini ya mwembe, nikachimbua kisahani kilichogandwa na udongo mwekundu, nikakikwangua kwa ukucha, nikaona miguu ya mnyama na, nyuma yake, mlima. Nilipiga ukelele uliowafikia hata majirani wa ng'ambo ya barabara. Mjomba akaamuru jogoo achinjwe.

Sufuria ya maji ikaletwa, nikaanza kusugua kwa mswaki mkuukuu huku watu wameniinamia hadi wakanizibia mwanga. Miguu minne ikajitokeza, nikasema, "Mnaona?" Ukafuata mgongo, ambao kwa kweli ulikuwa umekonda mno, nikaeleza kwa utulivu wa mtaalamu kwamba mwaka 1916 njaa ilikuwa kali hata kwa tembo. (Msicheke, walikubali.) Nikahamia upande wa mkonga. Nikasugua, nikasugua tena, mkonga ukagoma kabisa kutoka, na palipopaswa kuwa na sikio pakaanza kuota nywele.

"Anko," akauliza mjukuu wa mjomba, "mbona tembo huyu ana manyoya shingoni?"

Hakuna aliyemjibu. Mjomba aliichukua sarafu, akaisogeza hadi karibu na pua, akaigeuza, akakutana na Mfalme George wa Sita, kisha akaigeuza tena akasoma mwaka 1942.

"Mpwa wangu," akasema kwa upole ulioniumiza kuliko matusi, "huyu ni simba. Hii ni shilingi ya Mwingereza. Tulikuwa tukitumwa nayo dukani."

Hapo ndipo jasho liliponiingia machoni.

Yaliyofuata ni mafupi: jogoo aliliwa, nikamlipia, na mwenye detekta akaja jioni kudai kodi yake. Nilimpa ile shilingi kwanza. Aliitazama, akanirudishia, akasema anapokea pia kwa simu.