Mwembe Uliouzwa Ukiwa Maua

Juzi, kwenye kikao cha vijana hapa Kisauni, Mombasa, mtu mmoja mwenye cheo alisimama akasema vijiji vya Pwani havitaendelea kwa sababu watu wake hawapendi kazi. Baadhi yetu ukumbini waliitikia kwa kichwa. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Tumeambiwa maneno haya miaka na miaka mpaka sasa tunayasema wenyewe, tena mbele ya watoto wetu.

Ningependa mtu huyo afike Kaloleni, kaunti ya Kilifi, mwezi wa Agosti, kwa shangazi yangu. Shangazi ana minazi, mikorosho michache iliyozeeka, na miembe ya ngowe na boribo aliyoachiwa na babu. Mwezi wa Agosti miembe hiyo huwa imejaa maua, na mwishoni mwa mwezi shule zinafunguliwa kwa muhula wa tatu. Broka, yaani dalali wa maembe, anaijua kalenda hiyo vizuri sana. Anakuja na pikipiki, anauzunguka mti, anatazama matawi, anakisia. Hana mizani wala hapimi chochote. Anataja bei ya mti mzima, shangazi anamsihi aongeze, anaongeza kidogo, pesa zinaingia kwenye simu na shina linapigwa alama ya rangi nyekundu. Kuanzia siku hiyo maembe yote ya mti ule ni ya broka. Shangazi ataendelea kupalilia chini yake, atafukuza tumbili, atawakataza wajukuu wasirushe mawe, mpaka wachumaji waje na upembo na magunia yao mwisho wa mwaka.

Nilimuuliza kwa nini asingoje maembe yakomae auze mwenyewe. Akanijibu, "Mwanangu, ningengoja kama mwalimu naye angengoja karo."

Maembe yaleyale nayakuta katika soko la Kongowea, Mombasa, yamepangwa mafungu mafungu, na nikipiga hesabu ya mti mmoja kwa bei ya pale moyo unanienda mbio. Kazi yote ya mwaka ameifanya shangazi. Tofauti ya bei imekwenda kwa aliyekuwa na pesa ya kungojea.

Broka simtukani. Upepo ukipukutisha maua, hasara ni yake. Nzi wa matunda wakiingia, hasara ni yake pia. Na lazima nikubali, ingawa sipendi, kwamba yeye ndiye pekee anayefika mlangoni kwa shangazi na pesa papo hapo bila fomu, bila wadhamini, bila "njoo wiki ijayo". Ukimfukuza leo bila kuweka kitu mahali pake, mtoto wa shangazi anarudishwa nyumbani kesho.

Lakini tukikaa kuzungumzia maendeleo ya mashambani, mazungumzo yetu ni miche, mbolea, matrekta na viwanda. Vyote navitaka. Ila mche mpya wa mwembe utakua, utatoa maua, na utauzwa vilevile ukiwa maua, maana karo bado inadaiwa Agosti. Mkulima huyu anahitaji mkopo wa miezi minne au mitano, mdogo, wa riba anayoiweza, unaotolewa shule zinapofunguliwa na kulipwa maembe yakiuzwa. Anahitaji ushirika unaokusanya maembe ya kijiji kizima, unaoyapima kwa mizani mbele ya mwenyewe na kutafuta lori moja la pamoja. Anahitaji banda lenye kivuli ambapo tunda halitaoza kwa sababu lori limekwama matopeni. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji mwekezaji kutoka ng'ambo. Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti kilimo, na inataka kaunti zote kwa pamoja zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Mgao kutoka Nairobi huchelewa, najua, na mishahara hula sehemu kubwa. Hata hivyo, mkopo wa karo kwa wakulima wa wadi moja si mzigo wa kuishinda serikali.

Tumeshaona korosho ilikotufikisha. Kiwanda cha Kilifi kilijengwa miaka ya 1970, kikafa miaka ya 1990, na watu wakakata mikorosho wakachoma makaa. Mwaka 2009 serikali ikapiga marufuku kuuza nje korosho ghafi ili zibanguliwe hapa nchini. Nia ilikuwa njema. Ila mkulima mwenye shida ya leo hakusaidiwa na marufuku, kwa sababu sheria haikumpa pesa ya kungojea bei nzuri, na yule anayefika kwanza shambani ndiye anayepanga bei.

Ndugu zetu wa Mtwara, kusini mwa Tanzania, wanauza korosho kwa stakabadhi ghalani tangu msimu wa 2007/2008: mkulima anapeleka mzigo ghalani kupitia chama chake, unapimwa, anapewa stakabadhi, kisha wanunuzi wanashindana mnadani. Mfumo huo umekuwa na malalamiko yake, ya malipo kuchelewa na makato kuwa mengi, na mwaka 2018 bei ilivurugika mpaka jeshi likatumwa kukusanya korosho. Bado, mzigo unawekwa kwenye mizani na wanunuzi wanashindana hadharani. Sisi Kenya tuna Sheria ya Stakabadhi za Ghala tangu 2019, na shangazi hajawahi kuisikia. Embe halikai ghalani kama mahindi, hilo ni kweli. Korosho inakaa. Mbata, nazi iliyokaushwa, inakaa. Tuanze na hizo.

Na wenzangu wa mjini msiseme haya ni ya mashambani. Maji ya Mombasa yanatoka Baricho kule Kilifi, Marere kule Kwale na Mzima kule Taita Taveta. Maembe yetu, madafu yetu, mihogo yetu ya kukaanga jioni, yote yanatoka kwa majirani hao. Kijana akishindwa kuishi Kaloleni atakuja kupanga chumba Kisauni, na hapo mtaanza tena kulalamika kwamba mji umejaa.

Kwa sheria, makadirio ya bajeti yanafika kwenye bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Kati ya hapo kuna vikao vya kukusanya maoni ya wananchi, ambavyo wengi wetu hatuendi. Mwenye shamba, au mwenye shangazi mwenye shamba, naomba aende kwenye kikao cha wadi yake mwaka huu na amuulize mwakilishi wake swali moja, kisha asikae mpaka ajibiwe: mkulima wetu atapata wapi pesa ya karo mwezi wa Agosti?