Kinara cha Efeso na mahubiri ya kwenye magofu

Mahubiri yenyewe anayajua kila aliyewahi kuhiji kwenye makanisa saba yaliyoandikiwa barua katika kitabu cha Ufunuo, huko Uturuki. Basi linasimama Efeso, kundi linaketi kwenye ngazi za mawe za ule ukumbi wa michezo ambamo watu wa Demetrio mfua fedha walipiga kelele saa mbili nzima, mchungaji anafungua Ufunuo 2 na kusoma onyo kwa kanisa la Efeso: lisipotubu, kinara chake cha taa kitaondolewa. Kisha ananyosha mkono kuelekea magofu: mnaona? Waliuacha upendo wa kwanza, wakaonywa, wakashupaza shingo, kinara kikaondolewa. Amina zinaitikia, picha zinapigwa, haya twende Smirna.

Nimeyasikia nikiwa nimeketi kwenye mawe hayohayo, na yananikera. Mawe yenyewe yanayakataa.

Mwanzoni mwa karne ya 2, miaka michache tu baada ya ule Ufunuo, askofu Ignatio wa Antiokia alipitia Smirna akiwa mfungwa anayepelekwa Roma kuuawa. Kutoka hapo aliwaandikia Waefeso, na barua yake imejaa sifa kwa kanisa lao. Pengine walitubu! Mbona hilo halihubiriwi? Mwaka 431 maaskofu walikutana Efeso kwa mtaguso uliothibitisha kwamba Maria aitwe Mama wa Mungu, na magofu ya kanisa walimokutania yako palepale, mwendo mfupi kutoka kwenye ukumbi. Karne ya 6 Kaisari Justiniano akajenga basilika kubwa juu ya mahali panapoaminika kuwa kaburi la Yohana. Karne nne na zaidi baada ya onyo, taa bado inawaka.

Kilichouhamisha mji kwa sehemu kubwa ni tope. Mto uliokuwa ukiingia baharini hapo ulishusha udongo mwaka hadi mwaka mpaka bandari ikajaa, na leo bahari iko kilomita kadhaa kutoka mjini. Meli zikakosa pa kutia nanga, bandari ikageuka kinamasi, malaria ikaingia, watu wakasogea kwenye kilima kilichopo Selçuk ya leo. Matetemeko na uvamizi navyo vikafanya yake. Mtu wa Kilwa au Pate hahitaji kufundishwa kwamba mji wa bandari unaweza kubaki magofu bila watu wake kumkosea Mungu kuliko majirani.

Lakini hoja inayoyaangusha kabisa mahubiri yale iko kwenye makanisa mawili ambayo hayakukemewa kwa lolote, Smirna na Filadelfia. Kama magofu ni adhabu, hayo yangepaswa kubaki na waumini wao. Filadelfia, Alaşehir ya leo, ilisimama peke yake ikiwa imezungukwa na watawala wa Kituruki hadi 1390, na Wakristo wakaendelea kuishi humo karne nyingi baadaye. Smirna, yaani Izmir, ilikuwa na Wagiriki na Waarmenia kwa maelfu hadi Septemba 1922, mji ulipoteketea kwa moto mwishoni mwa vita vya Wagiriki na Waturuki. Mwaka 1923 ukaja mkataba wa kubadilishana watu: Waorthodoksi wapatao milioni 1.2, wengi wao wakiwa wameshakimbia, wakahesabiwa kuwa wa Ugiriki, na Waislamu wa Ugiriki kwa laki wakapelekwa Uturuki. Kigezo kilikuwa dini. Nani atasimama Alaşehir, kati ya zile nguzo nene za kanisa la Mtakatifu Yohana, aseme hawa nao walikataa kutubu?

Na aliyeyajua haya yote alikuwa ndani ya basi. Sheria ya Uturuki inataka anayeongoza watalii awe na leseni, kwa hiyo kundi huwa na viongozi wawili, mchungaji wetu na mwenyeji wa kule. Mwenyeji, mara nyingi Mwislamu, amesomea mawe hayo, ila kipaza sauti anapewa atangaze saa ya chakula na vyoo viko wapi.

Laodikia ndipo nilipoona hasara yake. Pale mwenyeji aliachiwa aseme. Alituonyesha mabomba ya mawe yaliyozibwa na chokaa ya maji, akatuonyesha ng'ambo ya bonde weupe wa Hierapoli, Pamukkale ya leo, zinakotoka chemchemi za moto. Akasimulia kwamba mwaka 60 tetemeko liliuangusha mji, ukajijenga kwa mali yake bila msaada wa Roma, jambo ambalo Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, ameliandika. Baada ya hapo ukisoma Ufunuo 3 kuhusu kanisa la Laodikia lililo vuguvugu, linalosema ni tajiri wala halina haja ya kitu, huhitaji mfafanuzi.

Katika miji mitatu iliyobaki, Thiatira ni uwanja wa mawe katikati ya mji wa Akhisar, na madhabahu kubwa ya Pergamo ilishapelekwa Berlin. Sardi ningekaa nusu siku, kwa ajili ya kile kikanisa kidogo kilichobanwa kwenye kona ya hekalu la Artemi.

Na Izmir bado ina Wakristo. Ni wachache, lakini wanaabudu, na kanisa mojawapo lina jina la Polikarpo, askofu wa mji huo aliyeuawa hapo katikati ya karne ya 2. Mahujaji hufika Izmir kulala na kula samaki. Kabla hujalipa, muulize wakala Jumapili mtakuwa wapi. Akijibu mtakuwa kwenye mabwawa ya Pamukkale, mwombe aipange ratiba upya.