Ondoeni Nailoni Chini ya Kokoto

Siku hizi ukipita Goba, Salasala au Mbezi Juu, hapa Dar es Salaam, nyumba mpya haihesabiwi kuwa imekamilika mpaka ua wake umwagiwe kokoto nyeupe, yapangwe mawe makubwa pembeni pamoja na mimea michache ya miiba, kisha mwenye nyumba aambiwe kwamba sasa anayo bustani isiyohitaji maji. Nisingekuwa na ugomvi na mtindo huo, maana mimi mwenyewe ni mpenzi wa kokoto bustanini. Kilichonichefua ni kumwona fundi, kwenye ua wa jirani yangu wiki iliyopita, akitandaza nailoni nyeusi kutoka ukuta hadi ukuta kabla hajamwaga hata ndoo moja ya mawe. Nilipomuuliza nailoni hiyo ni ya nini, alinijibu kwa utulivu wa mtu anayeijua kazi yake: “Mzee, hii inazuia majani yasiote.”

Inazuia majani, na inazuia mvua pia. Hesabu yake haihitaji chuo kikuu: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Jiji letu hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, nyingi zikishuka wakati wa masika na sehemu nyingine wakati wa vuli, kwa hiyo ua wa mita za mraba 100 hupokea zaidi ya lita 100,000, yaani shehena kumi za boza la lita 10,000, bila malipo na bila kumbembeleza dereva kwenye simu. Shehena hizo zote zikiangukia nailoni, huteleza hadi getini, hutoka barabarani, na kuishia sebuleni kwa yule aliyejenga bondeni. Halafu mwezi Januari mwenye bustani isiyohitaji maji anaonekana na mpira mkononi, akinyweshea mimea yake maji ya bomba yaliyotiwa dawa. Na hawa ndio watu ambao mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua na tukawekewa ratiba ya mgao, walilalamika kuliko sisi sote.

Kokoto huhifadhi maji kwa namna moja tu, nayo ni kugusana na udongo. Mvua inaponyesha, mawe huvunja nguvu ya matone, udongo haupigwi ukawa mgumu juu, na maji hushuka taratibu badala ya kukimbia. Jua linapowaka, unyevu hupanda kutoka chini kupitia vitundu vyembamba vya udongo, lakini ukifika kwenye kokoto hukuta nafasi pana usizoweza kuzivuka, ukabaki kwenye mizizi. Inchi mbili hadi tatu za kokoto za nusu inchi au robo tatu zinatosha, mradi ziwe zimechekechwa, kwa sababu lile vumbi la mashine ya kusaga mawe likinyeshewa hugandamana mithili ya zege. Wakati wa kiangazi ninapofukua kokoto chini ya mishubiri yangu, udongo ni mweusi na unashika kidoleni. Jirani alipokubali tufunue kipande cha nailoni cha zamani karibu na tangi lake, tulikuta udongo umepauka, unanuka uchachu, na mizizi ya bogenvilia imetambaa juujuu ikitafuta pa kupumulia.

Na majani yenyewe? Ndago hutoboa nailoni kama sindano. Nitakubali, kwa shingo upande, kwamba mahali gari linapopita kunahitajika kitambaa maalumu kinachopitisha maji, la sivyo mawe huzama kwenye mfinyanzi msimu wa kwanza tu.

Wanaotaja bustani za Ulaya kutetea mtindo huu wangetazama vizuri ile ya kokoto ya Beth Chatto, mtaalamu wa bustani, huko Essex, Uingereza, iliyotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 palipokuwa maegesho ya magari. Eneo lile hupata takriban nusu ya mvua yetu, wala bustani hiyo haimwagiliwi, lakini kabla ya kupanda ardhi ilipasuliwa, mboji ikachanganywa ndani, na mimea ikachaguliwa kwa kuzingatia ukame. Ni kweli kwamba jua la Essex si jua letu la Februari. Hiyo ndiyo sababu ua mzima wa mawe meupe bila mti hata mmoja, ambao hurudisha mwanga na joto madirishani hadi kiyoyozi kiombe msamaha, si kubana matumizi ya kitu chochote.

Kuhusu mawe ya mitoni, nitasema tu kwamba kingo za mito yetu zimechimbwa vya kutosha. Kokoto za machimbo ya Lugoba, mkoani Pwani, zinafaa kabisa.

Mwenye kutaka kuanza kabla ya masika aanzie chini ya mwembe au mwarobaini alionao tayari, apasue udongo kwa uma bila kukata mizizi minene, aweke mboji, amwage kokoto akiacha shina wazi kiasi cha kiganja, kisha aelekeze hapo bomba la maji ya paa. Fundi akileta nailoni kwenye gharama, aikate mstari huo, na fedha hiyo inunue mti wa pili.