Mpe Mtoto Muda wa Kuangalia Picha

Kuna swali moja ningependa walimu na wazazi tulipumzishe kwa muda: "Hadithi hii inatufundisha nini?" Sote tumekua nalo. Tulilikuta mwisho wa hadithi katika vitabu vya shule, tukazoea kulijibu hata kama hadithi yenyewe hatukuisikia vizuri: tusiwe wachoyo, tuwatii wakubwa, tamaa mbele mauti nyuma. Leo tukikaa na watoto wetu na kitabu cha picha mkononi, swali lile lile linatutoka lenyewe. Mtoto bado anafuatilia mkia wa tumbili unaochungulia pembeni mwa ukurasa, sisi tumeshafunga kitabu tunadai funzo.

Nafundisha watoto wadogo, na nyumbani ninao wangu. Darasani na sebuleni naona jambo lile lile: mtoto ambaye hajajua kusoma huangalia picha kwa makini kuliko mtu mzima yeyote. Sisi tukishajua herufi, macho yetu hukimbilia maneno, na picha tunaipita kama pambo la ukutani. Yeye hana maneno ya kukimbilia, kwa hiyo anaona kila kitu: mbwa aliyejificha nyuma ya kibanda, kandambili moja iliyobaki mlangoni, mama aliyenuna huku wenzake wanacheka. Vitabu ninavyovipendekeza hapa nimevichagua kwa sababu hiyo moja. Ndani yake picha zinasimulia, na wakati mwingine zinasimulia jambo ambalo maandishi hayalisemi kabisa.

Cha kwanza, ambacho ningekiweka katika kila darasa la awali kama ingekuwa amri yangu, ni "Handa's Surprise" cha Mwingereza Eileen Browne, kilichotoka mwaka 1994. Hadithi inatokea magharibi mwa Kenya, kwa Wajaluo. Handa anampelekea rafiki yake Akeyo matunda saba kwenye kikapu alichojitwika kichwani: ndizi, pera, chungwa, embe, nanasi, parachichi na pasheni. Anatembea huku akijiuliza Akeyo atalipenda tunda lipi zaidi. Maandishi yanaishia hapo. Lakini kwenye picha, nyuma ya kichwa chake, tumbili anachukua ndizi. Mbuni anachukua pera, pundamilia chungwa, tembo embe, twiga nanasi, swala parachichi, na kasuku anamalizia pasheni. Hakuna sentensi hata moja inayoutaja wizi huo. Handa hajui. Mtu mzima anayesoma maneno tu naye huenda asijue. Mtoto anajua!

Ukifika ukurasa wa tembo, darasa halikaliki. Watoto wanasimama, wanaonyesha kwa vidole, wanamwita Handa ageuke. Naomba mwalimu mwenzangu usiwanyamazishe hapo. Kelele hizo ndizo kusoma kwenyewe: mtoto ameunganisha picha ya ukurasa huu na ya ukurasa uliopita, amehesabu matunda yaliyobaki, amejua kwamba yeye anafahamu jambo ambalo Handa halifahamu. Hayo ni mambo makubwa kwa mtoto wa miaka mitano. Kisha anatokea mbuzi, anakuja mbio na kuugonga mchenza, machenza yanadondoka yanajaza kikapu, na Handa anafika kwa Akeyo na zawadi ambayo hakuipakia yeye. Nikimaliza nafungua tena mwanzo na kuuliza swali moja tu: Handa sasa anafikiri nini? Majibu yanaweza kumaliza kipindi kizima.

Kitabu hiki kina walakini, nao ni wa kweli. Njia ya Handa ina wanyama wa hifadhi nzima, na mtoto wa Siaya au Kisumu hakutani na pundamilia akienda kwa jirani. Watoto wakubwa kidogo hulisema wenyewe, na ni vizuri walijadili. Bado nakipendekeza. Lipo toleo la lugha mbili, Kiingereza na Kiswahili. Ukilikosa, la Kiingereza litafaa, maana sentensi ni chache na unaweza kuzisimulia kwa Kiswahili papo hapo.

Hapo kwenye kusimulia nataka nikae kidogo. Wazazi wengi wakinunua kitabu cha Kiingereza huona ni lazima wakisome kwa Kiingereza, wakitumaini mtoto ataipata lugha mapema. Mtoto wa miaka minne anayewekewa maneno asiyoyaelewa anachojifunza ni kukaa kimya. Msimulie kwa lugha mnayogombania na kuchekea nyumbani, iwe Kiswahili, Kisukuma au Kidigo. Mchoraji hakuchora kwa Kiingereza.

Na kwa mzazi asiyejiamini katika kusoma, au bibi ambaye hakubahatika kwenda shule, kipo kitabu kinachomfaa kuliko vyote: "The Lion & the Mouse" cha Mmarekani Jerry Pinkney, cha mwaka 2009. Mwaka uliofuata kilipata medali ya Caldecott, tuzo kubwa kuliko zote za wachoraji wa vitabu vya watoto nchini Marekani. Hadithi yenyewe tunaijua: simba anamwachia panya, baadaye panya anamwokoa simba kwa kutafuna kamba za mtego. Pinkney ameipeleka Serengeti, akaondoa maneno yote akabakiza milio tu ya wanyama. Hata jalada la mbele halina jina la kitabu, uso wa simba umelijaza lote. Bibi anakishika, anasimulia hadithi aliyoijua tangu utoto, anaimba pale anapotaka kuimba, na hakuna herufi ya kumsahihisha. Mjukuu naye akikichukua peke yake anaweza kukisoma chote, kwa maana kamili ya kusoma.

Hadithi hii ya simba na panya katika vitabu vyetu huja daima na mkia wake wa funzo, kwamba tusidharau wadogo. Pinkney hakuandika mkia huo. Ameuchora uso wa simba anapoamua kumwachia panya, na uso wa panya ambaye bado haamini. Mtoto akiutazama ukurasa huo kwa dakika mbili atakuwa amepita mbali kuliko sentensi yetu.

Sasa nije kwa wachoraji wa kwetu, na hapa jina la kwanza kwangu ni John Kilaka. Ni Mtanzania, anachora kwa mtindo wa Tingatinga, ule ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972. Kilaka amezunguka vijijini kuwasikiliza wasimulizi, na inaonekana. Wanyama wake wamevaa nguo za rangi kali, wanapika, wanabeba mizigo, wanafanya biashara, wanagombana. Katika kitabu chake cha samaki wabichi, Sokwe ni mvuvi, Mbwa anaiba samaki, na wanyama wote wanakaa kumhukumu. Katika kingine, Panya amejiwekea akiba ya chakula, rafiki yake Tembo anajitolea kumtunzia, kisha anakataa kumgawia. Kumbe Panya peke yake ndiye anayejua kuwasha moto.

Wanaohofia kwamba tukiacha kuuliza funzo watoto watakosa maadili, wajaribu kuwasomea Kilaka. Sijawahi kuona watoto wakijadili haki kwa uchungu kama wanapojadili kesi ya Mbwa. Wapo wanaotaka afukuzwe kabisa. Wapo wanaomtetea kwamba alikuwa na njaa. Mmoja atauliza kwa nini Sokwe hakumgawia tangu mwanzo, na hapo mjadala unaanza upya. Maadili yamejaa chumbani, nami sijauliza swali hata moja. Mtoto anayefikia hukumu yake mwenyewe anaishika. Anayepewa sentensi ya kukariri anaijibu kwenye mtihani na kuiacha humo.

Linaloniuma ni kwamba vitabu vya Kilaka vilichapishwa kwanza Uswisi, kwa Kijerumani. Mtoto wa Uswisi alimjua Sokwe wa Kilaka mapema kuliko mtoto wa Temeke. Sababu zake zinaeleweka. Kitabu cha picha ni ghali kukichapa, kwa kuwa kila ukurasa unahitaji rangi na karatasi nzuri, na mnunuzi mkubwa kwetu ni shule, ambazo hununua vitabu vya kiada kwanza. Wapo waliopambana na hali hiyo. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza Tanzania mwaka 1991, ukawafunza waandishi na wachoraji na kuvifikisha vitabu vya Kiswahili shuleni. Mwaka huo huo Walter Bgoya alianzisha Mkuki na Nyota, na rafu ya watoto ya nyumba hiyo ya uchapishaji ni mahali pazuri pa kuanzia kutafuta.

Ukiwa dukani, usichague kwa jalada. Fungua katikati, funika maandishi kwa kiganja, uangalie picha peke yake. Je, kuna jambo linatokea? Unatamani kufunua ukurasa unaofuata? Kama ndiyo, nunua. Vitabu vyetu vingi vinaanguka kwenye jaribio hili, na silisemi kwa kuwadharau wachoraji. Maandishi yanasema Juma anakula wali, na mchoraji ameagizwa achore Juma anakula wali, basi. Hakupewa nafasi ya kuchora paka chini ya meza. Mara nyingi hata jina lake halipo kwenye jalada, limewekwa ndani kwa herufi za kutafutia. Wachapishaji, mpeni mchoraji nusu ya hadithi aisimulie yeye, na jina lake liandikwe kwa ukubwa ule ule wa jina la mwandishi.

Kingine ninachokipenda ni "Mama Panya's Pancakes" cha Mary na Rich Chamberlin, cha mwaka 2005, kinachotokea Kenya. Mama anakwenda sokoni na visenti vichache kununua unga wa chapati za maji, na mwanawe Adika anamwalika kila anayekutana naye njiani. Mwangalieni mama usoni kila mgeni anapoongezeka. Jina la Mama Panya litawachekesha watoto. Waacheni wacheke, kisha endeleeni.

Walimu wenye watoto themanini darasani mtaniambia picha hazionekani kutoka nyuma. Ni kweli, nami nina darasa kubwa. Siku ya kwanza sisomi hata neno moja. Natandika mkeka, nakaa na kundi moja huku wengine wakichora au wakihesabu vizibo, tunapitia picha kutoka jalada la mbele hadi la nyuma. Kesho yake kundi jingine. Siku ya kuwasomea wote kwa pamoja, kila mmoja ameshaziona picha kwa karibu, na hata wa nyuma anajua anachokisikia. Kitabu kimoja kinaweza kutosha wiki nzima, na hawachoki, sisi ndio tunaochoka. Ukipata mtu anayejua kuchora, karatasi za manila nne au tano zinatosha kukuza picha kuu za hadithi.

Na kwa asiye na bajeti yoyote, upo mtandao wa African Storybook, uliozinduliwa mwaka 2014 kutoka Afrika Kusini. Una hadithi nyingi za picha kwa Kiswahili na lugha nyingine za Afrika, zimepangwa kwa viwango, na leseni yake inaruhusu kuzipakua, kuzichapa, hata kuzitafsiri kwa lugha ya kijijini kwenu bila kumlipa mtu. Si zote nzuri. Nyingine zimeandikwa kwa haraka, na funzo limebandikwa mwishoni kama kawaida yetu. Lakini humo ndimo utakapomkuta Khalai, wa mwandishi Mkenya Ursula Nafula.

Khalai ana miaka saba na anazungumza na mimea. Asubuhi anauomba mchungwa ukue uwape machungwa mengi yaliyoiva. Njiani anaziambia nyasi zisikauke, anayaambia maua yaendelee kuchanua. Shuleni anauomba mti utoe matawi makubwa ili wasome chini ya kivuli chake, na ua wa miti unaoizunguka shule uwe imara. Akirudi nyumbani anakwenda kuangalia kama machungwa yameiva. Bado ni mabichi. Anauambia mti wataonana kesho, huenda kesho litakuwepo moja la kwake. Hadithi imekwisha. Hakuna aliyeonywa wala aliyeadhibiwa, na watoto wanatoka nje kuuambia mwarobaini wa shule jambo ambalo mwalimu hana haja ya kulijua.

Kama wiki hii una nafasi ya kitabu kimoja tu, anza na huyo. Ipakue kwenye simu, ipeleke steshenari waitoe kwa rangi nyeusi na nyeupe, maana rangi ni gharama, uibane kwa pini za stepla. Toa nakala chache tu, na kila Ijumaa watoto wachache waondoke nazo nyumbani pamoja na kalamu za rangi ulizonazo. Waambie wazazi wa wiki hiyo kwamba hakuna zoezi la kujibu, wakae tu na mtoto na kuangalia. Jumatatu zinarudi zimepakwa rangi, nyingine zimepata doa la chai, na zinakwenda kwa kundi linalofuata.