Ripoti ya Vikombe Vitatu

Saa mbili na dakika tano bosi kashapiga simu. Sijafuta hata jasho la feri, kuku wa mtu kaninyea kiatu pale Likoni, na yeye ati, "Mhasibu, nataka faida na hasara ya robo mwaka, sasa hivi."

Sasa hivi! Nikafungua dashibodi, ule ukurasa wa ripoti na chati kwenye kompyuta, kile kiduara kikaanza kuzunguka kama tuktuk inayotafuta abiria Mwembe Tayari.

Sisi watu wa vitabu tuna heshima zetu. Hatupigi skrini makofi. Huteremka taratibu hadi kwa muuza kahawa, ambaye ashajua siri za kampuni kuliko mkaguzi. Kikombe kimoja, ajua ni orodha ya wadeni. Viwili, faida na hasara. Vitatu na kashata, hiyo ni mizania. Mwezi uliopita, tarehe 20, nilikunywa vitano, akaniuliza kwa upole kama wa matangani: "VAT?"

Leo niliporudi nikamkuta bosi na kijana wa kompyuta, ndevu tatu, begi mgongoni. "Ami, nipishe kidogo." Nimpishe! Kiti hicho nimekikalia miaka 19, kina shimo langu. Akakaa ndani ya shimo langu.

Akawasha kitu cha kupima kila chati inakula muda gani. "Ami, ukurasa mmoja una chati 23?"

"Bosi apenda rangi."

"Kila chati ina swali lake. Ukifungua ukurasa, maswali 23 yanakwenda kwa mpigo kwenye hifadhidata ile ile ambayo wenzako wanaingizia kontena."

Kumbe ndiyo maana wale wa chini hunitazama vile kila mwisho wa mwezi.

"Na hii safu ya saa, mpaka sekunde, ni ya nini?"

"Ya kujua malipo yaliingia lini."

"Nani ashawahi kukuuliza sekunde?"

Nikakohoa. Akanieleza polepole, kama amwelezaye nyanya yake kutuma pesa kwa simu, kwamba programu hizi za ripoti huweka data safu wima kwa safu wima, na thamani inayojirudia hubanwa ikawa ndogo. Mwaka una tarehe 365 tu. Lakini siku moja ina sekunde 86,400, na karibu kila malipo yana sekunde yake, basi hapo utabana nini? "Bakisha tarehe, sekunde tupa."

Kisha akafika kwenye safu ya maelezo, akaanza kusoma kwa sauti, bosi kasimama pale pale. "'Asema atalipa Ijumaa inshallah.' 'Ijumaa imepita.' 'Simu haishiki.' 'Nimemwona Marikiti, kajificha nyuma ya ndizi.' Ami, hii ni ripoti ama shajara? Kila mstari na hadithi yake, nayo haibaniki."

Hapo heshima ikanitoka. Miaka mitano, yakhe! Kwanza waliniambia ni intaneti, tukabadilisha intaneti. Wakasema ni kompyuta, ikaja mpya. Ikaongezwa memori. Kuna mmoja alisema ni mimi, nabonyeza kwa hasira! Na muda wote huo ni sekunde na ndizi!

Kijana hata hakugeuka. Akayapanga majedwali upya: malipo katikati, wateja, akaunti na tarehe pembeni, kama sinia ya pilau na vibakuli vyake vya kachumbari. Data sasa itavutwa usiku, na miezi iliyofungwa haiguswi tena, huja ya karibuni tu. Chati zikabaki sita. Bosi akaililia ile ya duara ya zambarau, akanyamaza mwenyewe.

Alasiri nikabonyeza. Sekunde nne. Bosi badala ya asante akataka malipo yote, tangu tufungue, ndani ya Excel. Nikamwambia Excel mwisho wake mistari 1,048,576 kwa karatasi moja. Akasema nijaribu tu.

Nikateremka. Muuza kahawa ashanimiminia cha kwanza, cha pili amekishika. Nikamwambia ripoti imeshatoka zamani. Akakiweka kikombe chini, akanisogelea. "Kampuni imefungwa?"

Nikamnunulia kashata kwa huruma. Nazo kashata zake siku hizi! Nimeiinua moja juani, wallahi nimeiona Fort Jesus upande wa pili.