Kuficha Jina Hakutoshi

Mwenzangu mmoja aliwahi kutuma picha ya kidonda kwenye kundi letu la wauguzi la WhatsApp akiomba ushauri. Jina hakuliandika, uso haukuonekana. Lakini mguu ule ulikuwa na kovu refu la zamani, na kundini alikuwamo binamu wa mgonjwa, muuguzi wa wodi nyingine. Zamu haijaisha, ukoo mzima ukawa umejua kwamba ndugu yao ana kisukari, jambo ambalo hakuwa amemwambia hata mkewe.

Kesho yake nilipokwenda kumsafisha mgonjwa yule kidonda, hakufoka. Aligeukia ukutani tu.

Tangu siku hiyo siikubali ile hoja ya "si nimeficha jina?" Kovu, siku ya kulazwa, ajali iliyosemwa na kila mtu, hata rangi ya shuka, vyaweza kumtaja mtu. Tena picha ya simu mara nyingi hubeba ndani yake tarehe na mahali ilipopigwa. Kiapo cha Nightingale, kiapo cha wauguzi kilichotungwa Marekani mwaka 1893, hakikuishia kwenye jina. Kilimtaka muuguzi atunze siri za mtu na za nyumba yake.

Sisemi tuikimbie mitandao, hata kidogo. Mtu akishauriwa mtandaoni kupaka dawa ya meno kwenye jeraha la moto, namtaka muuguzi awe wa kwanza kumwambia: hapana, weka chini ya maji ya baridi yanayotiririka, dakika 20. Tukinyamaza, watajibu wengine.

Kinachonisumbua zaidi ni ridhaa. Wengi husema, "Nilimwomba, akakubali." Alikubali akiwa wapi? Kitandani, ana maumivu, anakusubiri wewe umpe dawa na umsaidie kwenda chooni. Angekataaje? Kwangu mimi, ombi la picha ya kuweka mtandaoni lingoje mpaka mtu ameruhusiwa kwenda nyumbani na hana haja nasi tena. Nasikia watasema naweka masharti magumu. Sawa, na yawe magumu.

Siku hizi nikikwama naandika kwa maneno tu: kidonda cha kisigino, kingo nyeusi, harufu hakuna, niangalie nini? Sitaji umri wala wodi. Wenzangu hunijibu vilevile, na mara nyingi huniuliza maswali mazuri zaidi kuliko walipokuwa wakitazama picha.